Mbio za Magari ya Kawaida: Kinachoruhusiwa Hugeuka Kuwa Lazima

Nchini Marekani vipo vyama vya wananchi wapendao mbio za magari, watu wasiolipwa mshahara kwa kushindana, bali huzigharimia mbio hizo kutoka mifukoni mwao wenyewe. Kimojawapo cha vyama vikubwa kabisa ni Sports Car Club of America, au SCCA kwa kifupi, kilichoundwa mwaka 1944. Tangu miaka ya 1970 chama hicho kimekuwa na madaraja ya magari ya kawaida, yaani magari yashindanayo jinsi yalivyotoka kiwandani. Na tangu miaka hiyo wanachama wake hawajaacha kubishana juu ya swali moja: gari la kawaida ni lipi, na mwenye gari aruhusiwe kubadilisha kitu gani?

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu wa jeshi na polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mchezo wenyewe uliwahi kuokolewa na kambi za kijeshi, na habari hiyo yafaa ijulikane. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba mjadala huu unahusu kanuni, ukaguzi na haki, mambo ambayo ni kazi ya askari ya kila siku. Aliyepata kusimama kizuizini akikagua magari barabarani anajua ya kuwa kuandika amri ni rahisi, lakini kuandika amri inayoweza kukaguliwa ni kazi nyingine kabisa.

KATIKA VIWANJA VYA NDEGE ZA VITA

Hapo zamani mbio za ridhaa za Marekani zilifanyika katika barabara za umma, watazamaji wakiwa wamesimama kandokando. Mwezi Septemba mwaka 1952, huko Watkins Glen katika jimbo la New York, gari liliwagonga watazamaji na mtoto wa miaka 7 akapoteza maisha. Baada ya msiba huo ikawa vigumu kuendelea na mchezo huo katika barabara za miji.

Aliyekinusuru chama ni Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa kikosi cha ndege za mabomu za masafa marefu, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi na mwanachama wa mchezo huo. Aliruhusu mbio zifanyike katika viwanja vya ndege vya kikosi chake, na fedha zilizopatikana zikatumiwa kuboresha maisha ya askari kambini. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1954, ulipokoma baada ya kuulizwa maswali katika Bunge la nchi hiyo juu ya kutumia mali ya jeshi kwa mchezo wa raia.

Uhusiano huo umebaki hadi leo kwa namna nyingine. Mchezo tunaouzungumzia hasa huitwa Solo. Koni za plastiki hupangwa juu ya uwanja mpana wa saruji au lami, na kila dereva hukimbia kwa zamu yake dhidi ya saa. Kabla ya kukimbia, madereva huitembea njia kwa miguu na kuikariri. Akiiangusha koni moja, dereva huongezewa sekunde 2. Akiikosa njia, mzunguko ule haumfai kitu. Wakati wengine wanakimbia, yeye husimama uwanjani kuinua koni zilizoanguka. Mashindano ya taifa ya Solo yalihamia Lincoln, katika jimbo la Nebraska, mwaka 2009, na hufanyika juu ya saruji ya uwanja ambao zamani ulikuwa kambi ya ndege za vita.

Mchezo wa namna hii hauhitaji gari la fahari. Mwalimu, fundi, karani au askari aweza kuja na gari lake la kwenda kazini, akashindana, kisha akarudi nalo nyumbani jioni. Hiyo ndiyo ahadi ya daraja la magari ya kawaida, na ndiyo inayobishaniwa.

MAPATANO YA DARAJA LA KAWAIDA

Kanuni mama ya daraja hili ni fupi: ambalo halikuandikwa kuwa linaruhusiwa, limekatazwa. Injini ibaki ilivyo, na giaboksi na springi zibaki za kiwandani. Viti visitolewe ili kupunguza uzito. Askari yeyote ataielewa kanuni ya namna hiyo bila kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, gari ni chombo kinachochakaa. Tairi huisha, breki huisha, shokapu huvuja, na bomba la ekzosi huliwa na kutu. Kwa hiyo tangu mwanzo ziliandikwa ruhusa chache kwa nia njema. Ilifikiriwa kuwa si haki kumlazimisha mtu anunue shokapu ya kiwanda kwa bei ya juu iwapo dukani ipo nyingine ya bei nafuu. Vivyo hivyo kwa matairi, kwani hakuna mtu anayekaa na matairi yale yale aliyonunulia gari.

Hapa ndipo tatizo lilipozaliwa. Ruhusa iliyotolewa ili kumpunguzia mtu gharama iligeuka kuwa mlango wa gharama. Kama shokapu yoyote inaruhusiwa, basi anayetaka kushinda hatanunua ya bei nafuu. Atatafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, yenye tangi lake la nje la mafuta na skurubu za kurekebisha kila namna ya mtikisiko. Bei yake yaweza kukaribia bei ya gari kuukuu. Na mmoja akiisha kuinunua, wenzake hawana hiari tena, maana tofauti kati ya mshindi na anayemfuata mara nyingi ni sehemu ndogo ya sekunde.

Katika mashindano, kinachoruhusiwa hugeuka kuwa lazima. Mtu asiyeshindana huisoma ruhusa kama hiari: akipenda ataitumia, asipopenda ataiacha. Mshindani huisoma kama amri. Anayependekeza mabadiliko ya kanuni bila kulifahamu jambo hili, hata awe na moyo mwema kiasi gani, atawatoza wenzake kodi asiyoikusudia.

MABADILIKO YA MWAKA 2014

Kwa miaka mingi mzigo mkubwa katika madaraja hayo ulikuwa matairi. Kanuni ziliruhusu matairi yenye raba laini ya mashindano, ambayo kisheria yaliweza kuvaliwa barabarani lakini hakuna aliyeyatumia kwa safari za kila siku. Raba hiyo hushika ardhi kwa nguvu sana, lakini huisha upesi, na hata kama kashata hazijaisha hupoteza nguvu kila linapopata moto na kupoa. Mshindani ilimbidi awe na seti mbili: moja ya kujia uwanjani na moja ya kukimbilia. Wenye uwezo walikuja na magari yao juu ya matrela, na gari la kawaida likawa la kawaida kwa jina tu.

Kuanzia mwaka 2014 chama kiliamua kubadili mwelekeo. Madaraja ya kawaida yalipewa jina jipya, yaani madaraja ya barabarani, na matairi laini ya mashindano yakapigwa marufuku. Kipimo kilichochaguliwa ni namba ya uchakavu inayoandikwa ubavuni mwa kila tairi linalouzwa nchini humo kwa magari madogo. Mwanzoni tairi lilitakiwa liwe na namba isiyopungua 140. Baadaye ikapandishwa hadi 200. Pamoja na hayo shokapu zenye tangi la nje zilikatazwa, na idadi ya marekebisho yake ikawekewa kikomo. Kwa upande mwingine ruhusa fulani zilipanuliwa kidogo: rimu ziliweza kuzidi au kupungua kipenyo kwa inchi moja, na mwenye gari akaweza kubadili stabilaiza moja, ama ya mbele ama ya nyuma.

Uamuzi huo haukupita bila upinzani, wala wapinzani hawakuwa watu wa porojo. Wengine walisema wamekwisha nunua vifaa kwa kuifuata sheria iliyokuwapo, na si haki kumwadhibu mtu kwa kutii. Wengine walisema kila mtu aliyafahamu matairi laini na uwezo wake, ilhali matairi ya barabarani yataleta vita vya viwanda: kila mwaka kiwanda kimoja kitatoa tairi jipya lililo bora kuliko la mwaka uliopita, na kila mshindani atalazimika kununua tena. Wengine walikumbusha kuwa magari mengine hayawezi kurekebishwa pembe ya magurudumu vya kutosha, na tairi la barabarani likikata kona kwa nguvu litaliwa ukingo wa nje kabla ya wakati wake.

Waliounga mkono walijibu kwa neno moja zito: watu. Walisema anayeanza mchezo huja na gari lake na matairi yake, na akiambiwa siku ya kwanza kwamba bila seti ya pili hana nafasi, harudi tena. Chama kisichopata wageni huzeeka, na kikizeeka hufa. Kwa maoni yetu jibu hilo lilikuwa la kweli, na uamuzi wa mwaka 2014 ulikuwa wa busara. Lakini wapinzani nao waliona jambo lililokuja kutokea.

NAMBA NA MWANDISHI WA NAMBA

Yafaa tueleze namba hiyo ya uchakavu inatoka wapi. Sheria ya Marekani inataka matairi ya magari madogo yalinganishwe na tairi la mfano lililopewa namba 100. Majaribio hufanywa katika njia maalumu ya barabara huko Texas, kwa mwendo wa maili 7,200. Tairi lenye namba 200 linahesabiwa kuwa litadumu mara mbili ya lile la mfano. Kusudi la namba hiyo lilikuwa kumsaidia mnunuzi wa kawaida alinganishe bidhaa dukani. Haikubuniwa kupima nguvu ya tairi kushika ardhi, wala haikubuniwa kwa ajili ya mbio.

Tena, anayeiandika namba hiyo ubavuni mwa tairi ni kiwanda chenyewe. Chama kilipotangaza kuwa mpaka ni 200, viwanda havikukosa kusikia. Yalianza kutoka matairi yenye namba 200 kamili, si zaidi, yaliyoundwa kwa ajili ya watu wa mbio, yenye raba laini kuliko ambavyo mtu angeitarajia kwa namba ile. Yaani mpaka uliwekwa, na mwenye kupimwa ndiye aliyeachiwa kushika kipimo. Chama kiliongeza masharti mengine, kama vile kina cha kashata za tairi jipya, lakini mbio kati ya mtunga kanuni na mtengeneza tairi zimeendelea.

Hatusemi kwamba viwanda vilivunja sheria. Vilifanya biashara kwa kuifuata kanuni neno kwa neno. Kosa limo katika kanuni inayotegemea neno la mwenye maslahi. Mkuu wa kituo hawezi kumwachia dereva wa lori ajiandikie uzito wa shehena yake kisha akatosheka na karatasi. Ataipeleka lori kwenye mizani. Mbio za ridhaa hazina mizani ya raba. Ndiyo maana mjadala wa matairi hauishi, na ndiyo maana kila baada ya muda hutokea wanaopendekeza namba ipandishwe tena, au orodha ya matairi yaliyokubaliwa itungwe, au tairi la aina moja litumiwe na wote.

MWENYE SHAKA NA AWEKE FEDHA

Katika vyama hivi hakuna jeshi la wakaguzi. Wanaokagua ni wanachama wenyewe wanaojitolea, wenye mizani, futi ya chuma na kitabu cha kanuni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi wa haki imeachwa mikononi mwa washindani. Anayemshuku mwenzake huandika malalamiko na kulipa ada. Ikihitajika kuifungua injini, mlalamikaji huweka dhamana ya gharama za kuifungua na kuirudisha. Injini ikikutwa halali, fedha zile humfidia aliyeshukiwa. Ikikutwa si halali, mwenye gari ndiye abebaye gharama. Utaratibu huo unazuia fitina, kwa kuwa mzushi atalipia uzushi wake. Lakini pia unamnyima sauti mnyonge, kwa kuwa asiye na fedha za dhamana hubaki na shaka yake moyoni.

Mfano mkubwa ulionekana mwaka 2014 katika mashindano ya taifa ya mbio za viwanjani ya chama hicho hicho, yaliyofanyika Laguna Seca huko California. Lipo daraja la gari la aina moja tu, Mazda Miata, ambamo injini inatakiwa ibaki karibu sana na ilivyotoka kiwandani. Baada ya mbio, silinda hedi zilifunguliwa, na magari kadhaa yaliyomaliza mbele yakaondolewa katika matokeo, kwa kuwa njia za hewa ndani ya hedi zilikutwa zimechongwa kupita kanuni. Kazi ya namna hiyo haionekani kwa nje. Inahitaji kufungua, kupima na jicho la fundi. Baada ya hapo wakuu waliiandika upya kanuni ya sehemu hiyo, wakieleza kinaganaga kazi ipi inaruhusiwa na ipi hairuhusiwi.

Wapo walioliona jambo hilo kama kumzawadia mkosaji. Wengine walisema kanuni ya kale ilikuwa haieleweki na haikaguliki, hata mafundi waaminifu walikuwa hawajui mpaka uko wapi. Sisi tunaona pande zote mbili zina hoja, ila ya pili ina uzito zaidi. Kanuni isiyokaguliwa humwadhibu mwaminifu peke yake: yeye huitii na kushindwa, na mwenzake huivunja na kupewa kikombe.

Ugumu huu utazidi. Gari la siku hizi huongozwa na kompyuta, na nguvu za injini zaweza kuongezwa kwa kubadili maagizo ya kompyuta hiyo bila kugusa skurubu hata moja. Magari ya umeme nayo hupokea maagizo mapya kutoka kiwandani kwa njia ya mawasiliano, hata gari likaweza kuamka asubuhi likiwa na tabia tofauti na ya jana. Je, gari hilo bado ni lile lile la kawaida? Futi ya chuma haiwezi kulijibu swali hilo.

SAFARI YA MWAKA 1953

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953 mashindano ya Safari yalipofanyika kwa mara ya kwanza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini kama ilivyo desturi ya Ulaya. Waanzilishi walitaka kujua gari lipi, kati ya yale ambayo mtu angeweza kuyanunua kwa fedha zake, lingevumilia matope na mawe ya barabara zetu. Mgawanyo huo uligusa kiini cha jambo, kwani fedha ndiyo inayomtoa mtu mashindanoni kabla hata hajawasha injini.

Baadaye Safari ilikua ikawa ya dunia, timu za viwanda zikaja na magari yaliyoundwa mahsusi, na dereva wa gari la dukani akabaki nyuma. Hata daraja la kimataifa la magari ya kawaida, lililojulikana kama Kundi N, lilileta mafunzo yale yale. Viwanda vilitengeneza magari ya dukani yaliyokusudiwa mbio tangu mwanzo. Mitsubishi, kwa mfano, iliuza Lancer Evolution katika toleo la RS lililoondolewa vifaa vya starehe ili liwe jepesi. Kwa maandishi lilikuwa gari la kawaida, na wapenzi wa mbio katika nchi zetu wanayakumbuka magari ya aina hiyo. Kwa mara nyingine, aliyetengeneza gari ndiye aliyeamua maana ya neno “kawaida”.

NJIA IPI IFUATWE?

Mapendekezo yanayotolewa ni mengi. Wapo wanaotaka kanuni zifungwe zisiguswe kamwe. Hao husahau kuwa magari hubadilika hata kama kitabu hakibadiliki, na vipuri vya gari kuukuu huadimika. Wapo wanaosema kila kisichokagulika kiruhusiwe. Hao nao husahau kwamba kinachoruhusiwa hugeuka kuwa lazima, na kwamba wakimaliza kuruhusu, daraja la kawaida halitakuwapo tena.

Ipo pia kanuni inayotumika katika baadhi ya viwanja vidogo vya Marekani vya mbio za mduara: mshindani aweza kuidai na kuinunua injini ya mwenzake kwa bei iliyotangazwa kabla. Anayejua kuwa injini yake yaweza kuchukuliwa kwa bei ndogo hatatia humo mali nyingi. Ni dawa yenye akili, ingawa mwenye kinyongo aweza kuitumia kumkomoa jirani.

Kwa upande wetu tunaona kila badiliko lipitishwe katika maswali matatu kabla ya kuandikwa. Je, mkaguzi wa kujitolea aweza kulihakikisha uwanjani kwa vifaa alivyo navyo? Je, ni nani atakayelazimika kununua kitu kipya kesho yake, na kwa kiasi gani? Na je, aliyetii kanuni ya jana amepewa muda wa kutosha kujirekebisha? Badiliko lisiloweza kujibu maswali hayo matatu afadhali lingoje.

Jambo moja katika mwenendo wa SCCA linastahili sifa. Pendekezo la kanuni huchapishwa kwanza, wanachama huandika barua za kuunga mkono au kupinga, kamati huzisoma, ndipo bodi huamua. Njia hiyo ni ndefu na huchosha, na wenye haraka huilalamikia. Lakini mtu aliyesikilizwa huitii kanuni hata kama hakuipenda, na katika mchezo ambao mlinzi wa kwanza wa sheria ni mshindani mwenyewe, utii wa namna hiyo ni mali kuliko kifaa chochote cha kupimia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika daraja la magari ya kawaida nyufa ni ruhusa ndogo ndogo, kila moja ikiwa na sababu yake nzuri. Mtunga kanuni mwenye hekima haangalii tu aliyesimama mbele yake akiomba ruhusa. Humwangalia pia asiyekuwapo, yule kijana mwenye gari moja na mshahara mmoja, ambaye bado hajaja uwanjani, na ambaye kwa ruhusa moja zaidi huenda asije kabisa.